Kabari Chini ya Injini

Siku shafti ya mashine yangu ya kusaga ilipokatika, puli iliruka kutoka mahali pake, ikapasua ukuta wa mabanzi na kwenda kulala migombani. Puli ni gurudumu la chuma linalokaa kwenye shafti, mhimili wa kinu, na kuvutwa na mkanda wa injini ili kinu kizunguke. Langu lilikuwa zito kama mtoto anayeanza kutembea. Lilipita juu ya benchi ambalo muda mfupi kabla alikuwa amekaa mwanamke mjamzito kutoka Nkunga na debe lake la mahindi. Alikuwa ametoka nje kukojoa. Naandika hivyo hivyo, kukojoa, maana hicho ndicho kilichomwokoa.

Watu walisema ni Mungu. Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele, nikatoa sadaka ya shukrani, kina mama wakapiga vigelegele. Kulikuwa na jambo ambalo Mungu alilijua, mimi nililijua, na mwendesha mashine wangu alilijua. Hakuna mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Mashine ile niliinunua miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wakati mashine ya kijiji ilikuwa imekufa, kuku wanatagia ndani yake. Nilikuwa mjane. Niliuza ng'ombe wawili, nikaongeza na fedha ya majani ya chai, nikaleta injini ya dizeli na kinu juu ya lori, watu wamesimama barabarani kama wanapokea mwili. Wanaume walicheka. "Mwanamke na injini! Kesho ataimiminia togwa." Hawakucheka muda mrefu. Nilisaga mahindi ya kata yetu yote ya Kinyala, na ya Nkunga, na wanaume walewale wakapanga mstari na magunia yao.

Injini niliiweka juu ya magogo mawili ya mkaratusi, kinu upande wa pili, katikati mkanda. Sasa, kwetu ukungu haupigi hodi. Unaingia tu. Ukiingia mkanda unalowa, ukilowa unateleza, injini inanguruma bure na kinu kinazunguka kama mgonjwa anayepelekwa chooni. Dawa yetu ilikuwa kabari, kipande cha mti mgumu kilichochongwa ncha. Unakigongomea kati ya magogo ya injini na nguzo fupi iliyochimbiwa upande wa kinu. Injini inasukumwa nyuma, mkanda unakaza. Unaupiga mkanda kwa kiganja, ukilia kama ngoma basi unatosha. Wenye mashine wote wa huku milimani walifanya hivyo. Hakuna aliyetufundisha na hakuna aliyetukataza.

Siku ile kulikuwa na msiba mkubwa na unga ulitakiwa kabla watu hawajarudi kutoka makaburini. Kwetu waombolezaji wakirudi wakakuta vyungu vitupu, ni aibu ya ukoo mzima, nao ulikuwa ukoo wangu. Mkanda unateleza. Mwendesha mashine wangu, mzee mwenye adabu aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha chai, aligonga kabari mara mbili akaweka nyundo chini.

"Mama, inatosha. Beringi inalia."

"Beringi haina msiba. Gonga."

"Mama, sigongi."

Nikachukua nyundo mwenyewe. Niligonga mara tatu kwa nguvu zangu zote, mpaka mkanda ukalia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, kama mbu. Mahindi yakaanza kushuka vizuri. Nikamwangalia yule mzee kama ninayesema, umeona? Debe la nne halijaisha, shafti ikakatika.

Na badala ya kusema ukweli, nilimtafuta mtu wa kumtwisha. Shafti ile alinichongea fundi mmoja wa mjini Tukuyu, mwenye karakana karibu na stendi. Nikaanza. Sokoni, kanisani, penye banda la kupimia majani ya chai, kila mahali: "Yule fundi aliniuzia chuma cha kitanda." Neno lilipendwa. Likawa na miguu. Nilisikia watu wa Isongole ambao sijawahi kuwaona wakisema, usipeleke kazi kwa yule, anachonga vitanda.

Basi mashine ikafungwa. Wanawake wakawa wanabeba mahindi hadi kata ya jirani, wakipita mbele ya nyumba yangu. "Mwagonile, bibi," wananisalimu, bila kugeuza shingo.

Mwezi huo akaja mjukuu wangu likizo. Ni binti wa mwanangu wa pili, na wakati huo alikuwa Dar es Salaam, chuo kikuu, anasomea uhandisi wa mitambo. Nasema tena: uhandisi wa mitambo, mtoto wa kike, kutoka kwenye nyumba ambayo mimi niliacha shule darasa la pili nikachunge ndama, na herufi nikazimalizia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima. Nilikuwa nikisimama na mtu yeyote njiani dakika tano, ya nne nimeshamtaja. Namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mke mdogo.

Alichukua kile kipande cha shafti akakipeleka mlangoni penye mwanga. Akakaa nacho muda mrefu.

"Bibi, hii haikukatika siku ile."

"Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Ilikatika siku ile, asubuhi, na puli ikaenda zake migombani."

"Njoo uone. Hapa ni laini, kuna mistari kama ya kisiki cha mti. Ufa ulianzia huku, ukawa unaingia kidogo kidogo. Miezi, Bibi. Hapa penye mikwaruzo ndipo palipokatika siku ile. Ndipo palipokuwa pamebakia."

Palipobakia hapakuzidi kucha ya dole gumba. Nilipapima kwa kucha yangu mwenyewe. Miezi. Maana yake kila Jumamosi wanawake walipokaa pale wananyonyesha na kusukana nywele, shafti ilikuwa inakatika juu ya vichwa vyao na sisi tunapiga soga.

Alipima kila kitu kwa kalipa, kile chuma cha kupimia unene, aliyoazima chuoni, shafti, puli, beringi, akaandika kwenye daftari. Akarudi Dar. Likizo iliyofuata alishuka kwenye basi amepakata kitu kilichofungwa kwenye kitenge changu cha zamani, hataki mtu akiguse. Nilidhani amezaa. Ilikuwa kompyuta ya kukunja, mali ya mwalimu wake, aliyomwazima kwa sababu ya mradi wa mwaka wa mwisho. Mradi wenyewe ulikuwa mashine yangu.

Nyumbani hapakuwa na umeme. Alikuwa akiichaji mjini kwenye duka moja, anarudi nayo mbio kabla betri haijaisha kama anayebeba kaa la moto kutoka kwa jirani. Akaifungua juu ya meza yangu ya kulia. Mle ndani nikaiona shafti, imesimama hewani, na juu yake mistari myembamba imepita huku na huku kama mkeka uliosukwa.

"Nimeikata vipande vidogo vidogo," akasema. "Maelfu."

"Umeikata tena?"

"Humu ndani tu, Bibi. Chuma kizima ni kigumu kukihesabu. Kipande kidogo ni rahisi. Kila kipande kimeshikana na majirani zake. Nikivuta huku mwisho penye puli, kipande cha kwanza kinamwambia jirani, jirani anamwambia mwenzake, mpaka habari inafika upande wa pili. Kompyuta inafuatilia nani ameambiwa nini, na nani ameumia kiasi gani."

"Kumbe ni umbeya."

Alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo. Ila huu hauongezi chumvi."

Akabonyeza, tukasubiri. Nilimenya ndizi nusu mkungu ndipo ikamaliza. Shafti ikavaa rangi. Mwilini bluu, ambayo alisema ni mahali palipotulia, halafu kijani, halafu njano. Na kwenye kona, pale shafti inapopungua unene ghafla ili puli ivae, palikuwa pekundu kama pilipili iliyoiva. Ndipo hasa ilipokatikia. Kompyuta ya Dar, ambayo haijawahi kuingia bandani mwangu, imepaona mahali palipokatika. Nilitamani kutoka nje nipige yowe majirani waje.

"Kona ni kali mno," akasema. "Nguvu ni kama maji ya mfereji. Kona kali hubomoka. Tukiiviringa, maji yanapita."

Akachora shafti nyingine, kona imeviringwa, puli imesogezwa karibu na beringi. Akaipa nguvu, tukasubiri, ikatoka bluu na kijani. Hapana nyekundu hata chembe.

Kisha akauliza. Aliuliza bila kunitazama, kalamu mkononi.

"Nguvu ya mkanda nimetoa kitabuni. Ninyi mlikuwa mnaukaza vipi?"

Mwendesha mashine alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Akaangalia ndani ya kikombe. "Mwenye mashine ndiye anajua," akasema.

"Kawaida tu," nikasema. "Kama wengine."

Na lile lilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Mjukuu wangu akaandika. Aliamini, kwa sababu ni mimi.

Tukaenda wote wawili mjini kwa yule fundi. Nilitaka aende peke yake, nikasema goti linauma, akasema ataninyanyua. Fundi alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu, mpole, kofia yake imejaa vumbi la chuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Leo umepotea njia? Huku tunachonga vitanda."

Wasaidizi wake wakainama kwenye mashine zao wasionekane wanacheka. Mimi nikaangalia dari. Mjukuu hakuelewa. Alitandaza mchoro, wakaanza kubishana kuhusu kona ile ya mviringo, fundi akisema ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeitaka, mjukuu akimwonyesha karatasi ya rangi aliyoichapisha kutoka kwenye kompyuta. Fundi aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. Alipoona nyekundu ilipo, akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Baadaye akasema polepole, "Kwa hiyo si chuma."

"Chuma chako kilikuwa kizuri," akasema mjukuu wangu. "Kona ndiyo mbaya."

Fundi akanitazama. Nikakunja ncha ya khanga. Alichonga shafti ile kwa siku mbili, na nakiri kwamba ilikuwa nzuri, inang'aa kama mgongo wa samaki. Akamkabidhi mjukuu wangu, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwambie bibi yako, hii akiivunja, atafute jina lingine la fanicha."

Tuliifunga Alhamisi. Habari ilishatangazwa kwamba Jumamosi mashine ya bibi inaanza, tena imetengenezwa na mjukuu kwa kompyuta. Niliitangaza mimi. Toka Alhamisi ile sikula chakula kikapita vizuri. Nikisikia mkanda wa redio ya jirani unakwaruza, nashtuka. Nilijiambia, shafti ni mpya, ni nene, kona imeviringwa, kompyuta imesema bluu. Halafu nasikia ile sauti ya mbu. Kompyuta ilisema bluu kwa nguvu ya kitabuni. Kitabu hakikuwa na msiba. Kitabu hakikuniona na nyundo.

Ijumaa mchana niliingia bandani, nikamkuta mjukuu amechora alama ya chaki sakafuni, karibu kabisa na puli.

"Hiyo ya nini?"

"Kesho nitasimama hapa. Nisikilize beringi, niguse joto lake kila baada ya muda. Mwalimu anataka taarifa."

Niliangalia ile chaki. Nikaangalia puli. Nikaangalia ukuta, mahali tulipopigilia mabanzi mapya juu ya tundu. Ilikuwa njia moja, imenyooka.

"Usiogope, Bibi. Ni bluu tupu."

Nje, mwendesha mashine alikuwa amekaa juu ya kigogo anachonga kitu kwa panga, vipande vyeupe vinaruka miguuni pake. Alikuwa anachonga kabari mpya. Mashine mpya, kabari mpya, ndivyo tulivyozoea. Akaninyooshea.

"Na hii, Mama? Niiweke?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi. Lakini alinitazama machoni, na mzee yule hakuwa na kawaida ya kunitazama machoni.

Nikarudi ndani.

"Mke mwenzangu, toka hapo."

"Kuna nini?"

"Toka kwanza kwenye chaki. Siwezi kusema ukiwa umesimama hapo."

Akatoka. Nikamwambia yote, nimesimama, mikono nimeifungia ndani ya khanga. Kabari, ukungu, msiba, nyundo. Kwamba mzee alikataa, mimi nikagonga. Kwamba nilimsingizia fundi. Kwamba aliponiuliza nilimdanganya, na nilimdanganya kwa sababu alikuwa ananitazama kama bibi anayejua mambo.

Nilitegemea apige kelele. Angepiga kelele ningepona. Alikaa chini juu ya gunia tupu, akafungua daftari.

"Mlikuwa mnagonga mara ngapi?"

"Kila ukungu ukiingia."

"Yaani kila siku."

"Kwetu ndiyo kila siku."

"Kwa nguvu kiasi gani?"

"Nguvu ya mwanamke mwenye hasira."

"Bibi, kompyuta haina hiyo." Akaiinua kalamu kutoka kwenye daftari. "Nitaiandikaje hiyo?"

Mwendesha mashine ndiye aliyejua. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Banda la chai wana mizani ya ndoano," akasema. "Ile ya kuning'iniza vikapu. Si tunaweza kuuvuta mkanda kwa ile?"

Mjukuu wangu akamtazama kama aliyefunuliwa. Nilikwenda mwenyewe kwa karani wa banda la chai, nikaazima ile mizani yenye uso kama saa. Nikaibeba kifuani njia nzima, ukungu umeshashuka, sioni migomba ya pembeni.

Tukaweka kabari. Mzee akagonga mpaka mkanda ukalia kama ngoma. Mjukuu akaingiza ndoano katikati ya mkanda, akavuta pembeni mpaka ukapinda upana wa vidole viwili, akasoma sindano, akaandika.

"Sasa wewe, Bibi. Kama siku ile."

Sikutaka. Alinipa nyundo. Nikagonga moja, nikagonga mbili. Ya tatu mkono ulikataa, akasema, "Kama siku ile," nikagonga. Ile sauti nyembamba ikatoka. Alipouvuta mkanda kwa mizani haukupinda hata kidole kimoja, na sindano ikaenda mahali ambapo kwenye chai huwa panafika vikapu vya watu wawili kwa mpigo. Akasema neno la Kiingereza ambalo sikulijua. Yule mzee aliibandua kabari haraka, bila kuambiwa.

Twende kwenye kompyuta sasa. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Kulikuwa na alama ndogo pembeni ya kioo, kama kibuyu, na maji yalikuwa chini kabisa. Akaingiza namba mpya. Ikaanza kuhesabu. Tulisimama watatu nyuma yake, nasema watatu kwa sababu hofu nayo ilikuwepo. Mzee alikuwa anasoma sala kwa Kinyakyusa chini chini. Mimi nilikuwa naangalia kile kibuyu.

Rangi zikaja. Kona ile ile, iliyoviringwa, iliyochongwa kwa siku mbili na fundi niliyemtukana. Ilianza njano, ikawa rangi ya chungwa, halafu katikati pakatoka doa jekundu, dogo, kama jicho la njiwa.

"Ingekatika?" nikauliza.

"Si kesho." Alizungumza na kioo, si na mimi. "Kesho ningesimama pale na lisingetokea lolote. Ningeandika kwamba ni salama. Ningepata maksi zangu. Labda mvua za mwakani, labda za mwaka unaofuata. Siku ambayo sipo. Na mngeniletea habari kwamba fulani amekufa, na mimi ningetafuta kosa kwenye hesabu zangu maisha yangu yote nisilione."

Akajipangusa pua kwa mkono.

"Na mimi nilikosea. Niliuliza mara moja tu. Na nilimuuliza bosi, sikumuuliza anayeshika mashine."

"Mimi ningekuambia," akasema mzee, "lakini ni mama mwenye nyumba."

Kibuyu kilikuwa na hesabu moja tu imebaki. Akapunguza nguvu ya mkanda mpaka mahali alipokisia, akabonyeza. Tukasubiri tena. Ilitoka kijani, na njano kidogo kwenye kona, halafu kioo kikawa cheusi. Betri imekwisha. Lakini tulikuwa tumeona. Wakaenda kuuvuta mkanda kwa mizani mpaka sindano ikakaa kwenye namba ile, na yeye akachukua rangi iliyobaki tulipopaka mlango, akachora mstari kwenye magogo, mahali injini iliposimama. Injini ikae hapo, ishikwe kwa bolti mbili, isivuke mstari. Kabari akaivunja kwa goti. Haikuvunjika mara ya kwanza, ilibidi mzee amsaidie.

"Na mkanda ukiteleza?" nikauliza.

"Mnasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukauke."

Jumamosi watu walijaa. Nilikuwa nimepanga kumsifu mjukuu. Nikapanda juu ya benchi, nikasema shafti ya kwanza niliikata mimi, kwa nyundo hii, kwa mikono hii, na fundi hana kosa. Mama mmoja mwenye mdomo akasema, "Kumbe kitanda kilikuwa chako, bibi!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikawaachia wacheke, ilikuwa haki yao. Yule mwanamke wa Nkunga alikuwepo, mtoto mgongoni. Hakucheka. Alinitazama, akajitwisha debe lake, akaondoka bila kusaga. Hajarudi mpaka leo, na sijawahi kumlaumu.

Kwa fundi nilikwenda Jumatatu. Nilimwomba radhi mbele ya wasaidizi wake. Akafuta mikono yake taratibu.

"Bibi, waliokuja kuniambia maneno yako walikuwa wengi. Wewe umekuja mmoja. Hao wengine nani atawaambia?"

"Mimi."

Nikatembea. Soko la mjini, banda la chai, Isongole siku ya gulio. Kusafisha jina la mtu ni kazi ngumu kuliko kulichafua, maana safari hii hakuna aliyetaka kulipokea neno na kulipeleka mbele. Walinisikiliza, wakaniuliza bei ya ndizi.

Mjukuu alirudi chuoni. Kwenye mradi wake aliandika kila kitu, hata nyundo, na mimi nimo, bila jina: mwendeshaji wa pili. Alifaulu. Nilifurahi nikalia, halafu nikaogopa upya, kwa sababu sasa mashine ilikuwa mikononi mwangu na yeye yuko mbali.

Mvua za kwanza zikaja na ukungu mzito, Jumamosi, mstari umefika barabarani. Debe la pili tu, mkanda ukaanza kuteleza. Injini inanguruma, kinu kinajivuta, unga unatoka kama mtu anayenyunyiza majivu.

"Bibi, gonga kidogo!"

"Kidogo tu, tuna watoto nyumbani!"

"Mbona wa kata ya jirani wanagonga na hawajafa?"

Mwendesha mashine alinitazama. Nikatazama ule mstari wa rangi kwenye magogo. Nikapita katikati ya watu, nikazima injini mwenyewe.

"Leo hatusagi mpaka ukauke," nikasema.

Walisonya. Walibeba madebe yao mmoja mmoja, wakashuka kwenye ukungu kuelekea kata ya jirani, na niliwasikia wakiongea muda mrefu baada ya kuacha kuwaona. Nikajua huko waendako kuna kabari chini ya injini, na benchi, na wanawake wamekaa. Nilitaka kuwapigia kelele. Niliwapigia. Hakuna aliyegeuka.

Mzee akaleta kitambaa, akaanza kuufuta mkanda, polepole, kutoka mwisho mmoja. Nilipoinama kumsaidia nikaona mkono wangu wa kulia umekunja ngumi, umekaza kama umeshika mpini wa kitu. Ilibidi niufungue kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, ndipo nikaweza kushika kitambaa.